Jino limekufa, lakini usilizike bado!

Wiki jana nilikuahidi kwamba leo tungeendelea na ile mada ya mabwana wanaoazima suti kwenda harusini, halafu wanacheza muziki mpaka suti ya watu inachanika makwapani. Naomba radhi. Mada hiyo nimeiweka kiporo, kwani nimerudi juzi kutoka kwetu Issuna kwenye sendofu ya mdogo wangu, na nyuma ya ile sendofu kulikuwa na kesi ya jino ambayo nisipokusimulia nitakuwa nimekudhulumu. Usirukie ukurasa wa michezo. Tulia hapo hapo, maana najua na wewe unalo jino moja unalolitafunia kwa tahadhari.

Kwa wasioijua Issuna: ukitoka Dodoma na basi la Singida, ukishapita Manyoni unahesabu kilomita 54 hivi, unabakiza sixtini na kitu kufika Singida mjini. Hapo ndipo kwetu, wilaya ya Ikungi. Alizeti, uwele, na wale kuku wa kienyeji mnaowala huku Dar mkiwasifia utamu bila hata kuuliza wamesafiri kilomita ngapi ndani ya tenga. Siku hizi kufika si kazi. Tangu 2024 unapanda treni ya umeme mpaka Dodoma, halafu unadandia basi. Zamani safari ile ilikuwa inakula siku nzima na heshima yako yote.

Basi bwana, mwezi uliopita nilikwenda kwa ajili ya kikao cha familia. Mdogo wangu huyu ni mtoto wa mama mdogo, ana miaka 23, na sendofu ilikuwa imebakiza wiki tano. Nimefika, nimepokelewa na mlenda na ugali wa uwele, watu wanacheka. Naona yeye kila akicheka anaziba mdomo kwa kiganja. Nikasema moyoni, haya, bibi harusi mtarajiwa kaanza mapozi. Lakini siku ya pili nikaona hata akiwa peke yake na simu yake, anacheka na kiganja mdomoni. Nikamshika mkono, nikaushusha.

Jino la mbele juu, moja, lilikuwa la kijivu kama jivu la jikoni. Juu yake kwenye ufizi kulikuwa na kijipu kidogo mfano wa punje ya mchele.

Hapa lazima nikwambie jambo, la sivyo hutaelewa. Sisi watu wa Singida wengi meno yetu yana rangi ya chai. Si uchafu na si uvivu wa kupiga mswaki. Ni maji. Baadhi ya visima vya kwetu vina madini ya floraidi kupita kile kiwango cha Shirika la Afya Duniani, miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayakunywa wakati meno yake ya ukubwani bado yanajijenga ndani ya ufizi, na yakitoka yanatoka na mabaka meupe au kahawia. Ndugu zetu wa Arusha, Manyara na kando ya Mlima Kilimanjaro wanalijua hilo vizuri. Rangi hiyo imo ndani ya jino lenyewe, kwa hiyo ukisugua na mchanga au mkaa, au ule unga wa jamaa wa mnadani mwenye kipaza sauti, unalimaliza jino na rangi inabaki. Mimi nilipokuja Dar kusoma sekondari, washikaji wa darasani walinifundisha kwa wiki moja tu kucheka nimefunga midomo kama bahasha. Kwa hiyo najua kiganja cha mdomoni kina historia gani.

Lakini ya mdogo wangu ilikuwa nyingine. Meno yake yote ni ya chai kama yangu, halafu hilo moja kijivu. Alipokuwa na miaka 17 alianguka na baiskeli yenye madumu mawili ya maji, akapiga mdomo kwenye usukani. Jino halikuvunjika. Liliuma wiki moja, likanyamaza, watu wakasahau. Miaka imepita, jino likaanza kubadilika rangi taratibu. Kile kijipu kikawa kinatoka, kinapasuka chenyewe, kinatoa usaha kidogo wenye chumvi chumvi, kinapotea, mwezi ukiisha kinarudi.

Baraza la akina shangazi lilikuwa limeshakaa na hukumu imetoka: ling'olewe. Shangazi mkubwa, Mungu ampe maisha marefu, alisema bora pengo kuliko kuoza mdomoni mwa bibi harusi. Mama mdogo akaunga mkono kwa hesabu za nauli, maana kung'oa ni dakika chache na ni karibu. Bwana harusi, kijana wa Itigi, hakuwa ameulizwa. Na mwenyewe jino alikuwa analia usiku. Jino halikuwa linamuuma hata chembe! Alikuwa anazililia picha.

"Shikamoo shangazi," nikaanza kwa adabu zote. "Naomba wiki moja tu, nimpeleke Dodoma akaonwe kabla halijang'olewa."

"Marahaba. Jino limekufa, mwanangu. Limegeuka rangi kama maiti. Huko Dodoma watalifufua?"

"Hawalifufui shangazi. Wanatoa kilichokufa ndani, ganda linabaki, anaendelea kulitumia."

Shangazi akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kuna gari linatembea bila injini. Simlaumu. Sehemu nyingi za nchi hii mtu akienda kwa tatizo la jino, tiba anayoijua na anayoikuta ni koleo. Neno la kusafisha mzizi analisikia mtu wa mjini, na hata huyo wa mjini akilisikia anatetemeka.

Mimi nilikuwa na sababu yangu ya kuwa mbishi. Msomaji, hii sijawahi kuiandika, ila leo acha niivue nguo. Mwaka 2019 gego langu la chini kulia lilinifanya nilale nimekaa. Lilianza kwa kuuma nikinywa chai, likaja kuuma lenyewe tu saa nane za usiku, linapiga kama ngoma na mapigo ya moyo. Ikafika mahali maji ya baridi ndiyo yanatuliza, nikawa nalala na chupa ya maji ya friji mkononi kama mtoto na chuchu. Karafuu nilitafuna, panado nilimeza, majirani wakanipa kila ushauri. Nikaenda kwa daktari wa meno hapa hapa Dar. Akaniambia nina njia mbili, ang'oe au asafishe mzizi na kuuziba, na kwamba hiyo ya pili itachukua siku mbili au tatu tofauti. Nikasema safisha.

Siku ya kwanza tu, maumivu kwisha. Kwisha kabisa! Nililala usingizi wa mfalme. Daktari alikuwa ameziba kwa muda na kunipa tarehe ya kurudi. Sasa kijana wa mjini jino haliumi, mfukoni kuna hela ya awamu ya pili, na mshikaji ana bethidei Sinza. Malizia mwenyewe. Ile tarehe ilipita, na nyingine ikapita. Ile dawa ya kuzibia kwa muda ikamong'onyoka nikiwa nala mahindi ya kuchoma, nikaitema nikidhani ni pumba. Miezi minane baadaye niko na mishikaki, nikasikia kacha! Jino limepasuka katikati kwenda chini mpaka kwenye mzizi. Hapo hakuna fundi. Likang'olewa. Pengo ninalo hadi leo, jino la jirani yake limeanza kuliinamia kama mlevi anayetafuta ukuta, na lile la juu yake linashuka kidogo kidogo kwa kukosa mwenzake wa kugongana naye. Daktari wangu hakunikosea kitu. Ujinga ulikuwa wangu.

Ndiyo maana nilimng'ang'ania shangazi.

Sasa tuelewane jino ni nini, maana wengi tunalichukulia kama jiwe lililochomekwa. Nje kuna gamba gumu kuliko mfupa. Chini yake kuna tabaka la pili, laini kidogo. Katikati kabisa kuna chumba chenye nyama laini, ndicho kiini cha jino, chenye mishipa ya damu na mishipa ya fahamu, na kutoka chumbani kuna vijia vyembamba vinavyoshuka ndani ya mizizi mpaka kwenye vitundu vidogo mno kwenye ncha. Hivyo vitundu ndiyo mlango mkuu wa damu. Tundu la kuoza likifika kwenye kiini, wadudu wanaingia. Kiini kinavimba, lakini kimezungukwa na ukuta mgumu pande zote, hakina pa kuvimbia, ndiyo yale maumivu ya kutaka kupanda dari. Halafu kinakufa. Na kikifa maumivu yanaweza kukoma ghafla, watu wanamshukuru Mungu, kumbe wadudu wanaendelea na safari kwenda kwenye mfupa. Kuanguka kunaweza kufanya hayo hayo bila tundu lolote: ile mishipa inakatika kule kwenye ncha, na kiini kinakufa kimya kimya. Ndiyo habari ya mdogo wangu.

Utaniuliza, si anywe tu antibaiotiki? Aliyokunywa hayana idadi. Dawa inasafiri kwenye damu, na ndani ya jino lililokufa hakuna damu inayopita. Inatuliza yaliyo nje, chanzo kinabaki chumbani kinakunywa chai. Ukimaliza dozi, kijipu kinarudi.

Haya, Dodoma. Tulitoka Issuna alfajiri. Njiani mdogo wangu aliniuliza mara nne kama watamchoma sindano ya jino lenyewe. Alikuwa amesikia kwamba wanapitisha umeme kuua mshipa. Nani huwa anaanzisha hizi habari?

Daktari alikuwa dada mmoja mpole, si mwongeaji sana. Kwanza alimuuliza maswali ambayo mimi niliona hayahusu jino: una mimba? una kisukari? moyo? kuna dawa inayokudhuru? Msomaji, hayo yanahusu sana, usiyajibu kwa haraka haraka, hata kama mama mkwe yuko nyuma yako. Kisha akagonga meno kwa mpini wa kioo chake, moja moja. Akachukua pamba yenye baridi kali akaigusisha. Meno ya jirani mdogo wangu aliruka, lile la kijivu hakusikia chochote. Akapigwa picha ya jino, eksirei ndogo, kifilamu kinaingia mdomoni. Kwenye picha, kule kwenye ncha ya mzizi, kulikuwa na kivuli cheusi cha mviringo kama dengu. Hapo mfupa umeliwa.

"Kile kijipu," daktari akasema, "ni bomba la kutolea usaha. Ndiyo maana huumwi. Siku bomba likiziba, utaumwa."

"Kwa hiyo ling'olewe?" mdogo wangu akauliza, machozi yako mlangoni.

"Mzizi ni mzima, jino halijapasuka. Ling'olewe kwa kosa gani?"

Nilitamani shangazi angekuwepo.

Ganzi alichomwa kwenye ufizi, na kabla ya sindano alipakwa dawa ya kufisha ngozi. Alifinya mkono wangu, akahesabu, hakufika kumi. Nikamuuliza daktari, jino si limekufa, ganzi ya nini? Akasema ile klipu wanayoibana kwenye jino inauma ufizi, na huko ndani chini huenda kuna kipande bado kiko hai. Hapa niwatahadharishe wenye magego yanayowaka: jino lenye uvimbe mkali wakati mwingine linakataa ganzi, hasa la chini nyuma. Usikaze roho ukajifanya komandoo. Inua mkono, sema nasikia. Wanaongeza, au wanachoma mahali pengine, na mara nyingine wanatuliza kwanza kwa dawa na kukupa siku nyingine.

Baada ya hapo jino lilivalishwa kipande cha mpira mwembamba, kimetobolewa katikati, jino peke yake ndiyo linachungulia kama mtu kwenye kidirisha. Mdogo wangu alidhani atashindwa kupumua. Unapumua kwa pua, basi. Mpira ule unazuia mate yasiingize wadudu wapya jinoni, na unazuia dawa na vifaa visishuke kooni. Kisha mashine ikatoboa, na nilishangaa kuona inatoboa kwa nyuma ya jino, upande wa ulimi, mbele hapaguswi. Mlio wake ndiyo mbaya kuliko kazi yake.

Jino lilipofunguka ikatoka harufu. Sitaieleza, huenda unakula. Mdogo wangu akafumba macho kwa aibu, daktari akamwambia taratibu kwamba harufu ile haihusiani na mswaki wake, chumba kimefungwa miaka sita. Akaanza kuingiza visindano vyembamba vya chuma vyenye kingo za kukwangulia, wenyewe wanaviita faili. Kuna waya uliokuwa umening'inizwa kwenye mdomo, na kijimashine kinalia tii, tii, tiiii, kadiri faili linavyokaribia ncha ya mzizi. Hivyo ndivyo anavyojua urefu. Anakwangua, anaosha, anaweka faili nene kidogo, anaosha tena. Dawa ya kuoshea ni ya jamii ile ile ya jiki ya kufulia, nilijua kwa pua kabla sijaambiwa, ndiyo maana mpira ule una maana. Mwisho akapaka ndani dawa ya kalisiamu haidroksaidi, akaziba kwa muda. Dakika 50 hivi tangu sindano. Mdogo wangu alisinzia! Mimi niliyesimama ndiye nilikuwa nimelowa jasho.

"Umeisikia?" nilimuuliza nje.

"Kaka, kilichoniuma ni taya, kwa kukaa nimeachama kama kinda la ndege."

Siku mbili tatu jino linaweza kuuma uking'ata. Panado au dawa ya maumivu uliyoandikiwa inatosha, na usilitafunie mpaka lizibwe moja kwa moja. Lakini kuna mambo ambayo hayasubiri kesho, awe ameanza tiba au hajaanza: shavu au shingo kuvimba na kuzidi, homa, kushindwa kufungua mdomo, kumeza kuwa shida, kupumua kuwa shida. Usaha wa jino ukishuka chini ya ulimi na shingoni unaziba njia ya hewa, na mtu anaweza kufa. Kwa jino! Hiyo ni hospitali usiku ule ule, hata kama ni kwa bodaboda, na usikande shavu kwa maji ya moto.

Jino la mbele ndilo rahisi, kwa kawaida lina kijia kimoja. Gego mara nyingi lina vitatu au zaidi, vingine vimepinda kama njia ya mbuzi, kwa hiyo muda ni mrefu na bei ni kubwa. Tena gego lililosafishwa linabaki limetobolewa, ukuta wake ni dhaifu, linahitaji kuvalishwa kofia, la sivyo mishikaki italifanya ilichonifanya mimi. Bei sikutajii, kila mlango na bei yake. Ila ukiuliza, usiulize "kusafisha mzizi shilingi ngapi" ukaridhika. Uliza jumla: picha, ziara zote, kuziba kwa mwisho, kofia. Kama una bima, uliza inalipia lipi katika hayo kabla hujakaa kwenye kiti. Wengi wanaachia njiani kwa sababu waliambiwa bei ya siku ya kwanza tu. Kung'oa ni rahisi kwa siku ile, ila ukija kutaka jino la bandia la maana, hesabu inageuka.

Na kuna meno ya kung'oa kweli. Lililopasuka hadi mzizini, lililobaki vipande chini ya ufizi, lililolegea. Na kama unajua huna uwezo wa kurudi mara ya pili, mwambie daktari ukweli mapema. Pia, hata yaliyotibiwa vizuri, machache yanakorofisha baadaye, yanafunguliwa tena au yanang'olewa. Mengi yanadumu miaka na miaka.

Kuna jamaa ofisini kwetu, msomi, aliniambia jino la namna hiyo linatia sumu mwilini, linaleta magonjwa ya moyo na mengineyo. Hadithi hiyo ni ya zamani kuliko babu yake. Ilivuma Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, aliyeipigia debe sana akiwa daktari wa meno aitwaye Weston Price, watu wakang'olewa meno kwa maelfu. Wachunguzi waliokuja baadaye walipima upya na hawakuona ushahidi wa kuiunga mkono. Jamaa aliposikia akabadilisha mada, akaanza kuzungumzia Simba na Yanga.

Baada ya wiki mbili nilimsindikiza tena. (Bosi wangu anasoma ukurasa huu, kwa hiyo nasema hadharani: siku ile sikuwa naumwa tumbo. Samahani mkuu.) Kile kijipu kilikuwa kimenywea, ufizi umelala tambarare. Daktari akafungua, akaosha, akakausha kwa vijiti vya karatasi, kisha akajaza mzizi kwa vijiti vya rangi ya waridi vinavyoitwa gutapacha. Nikauliza ni plastiki? Kumbe ni utomvu wa miti ya huko Malaysia na jirani zake. Karne ya 19 ndiyo uliokuwa unafunika nyaya za simu za chini ya bahari, kama ile iliyofika Zanzibar mwaka 1879. Yaani mdomoni mwa mdogo wangu kuna kitu cha ukoo mmoja na waya wa sultani. Nilimweleza ndani ya basi, hakushangaa kama nilivyotarajia, alikuwa anaangalia vitenge kwenye simu.

Ikabaki rangi. Mzizi ukishazibwa, jino la kijivu wanaweza kuliweka dawa ya kung'arisha ndani kwa ndani, linakaa nayo siku kadhaa, linafunguka rangi. Ziara ya tatu hiyo. Daktari akamwekea mbele kile kibao cha rangi za meno, kuanzia jeupe la karatasi mpaka la chai nzito.

"Tuliache lipande mpaka wapi? Jeupe kabisa, au lifanane na wenzake?"

Mimi nilikuwa tayari kujibu jeupe, tena jeupe pee, na ikiwezekana na mengine yote yafuate. Miaka yote ile ya kucheka kama bahasha ilikuwa imenijaa kooni. Mdogo wangu akachukua kioo, akajiangalia muda mrefu kidogo.

"Lifanane na wenzake," akasema. "Nikitoka na moja jeupe, Issuna nzima itajua lipi lilikufa."

Sendofu ilikuwa Jumamosi. Muziki, vumbi, kuku wasio na idadi, MC anayejipenda kuliko bibi harusi mtarajiwa. Mpiga picha akapaza sauti, "Bibi harusi, cheka!" Nikakodoa macho kwenye mkono wake wa kulia. Haukupanda. Alikuwa ameushikilia ua, akacheka meno yote nje, rangi ya chai kutoka kona hadi kona.

Baadaye kidogo, wakati wa chakula, shangazi mkubwa alimshika kidevu kama anavyokagua mbuzi, akamgeuza kwenye taa.

"Lipi sasa lilikuwa limekufa?"

"Tafuta shangazi."

Akatafuta. Akanyoosha kidole kwa uhakika wote, akagusa jino ambalo halijawahi kuumwa hata siku moja. Meza nzima ikaangua kicheko. Yeye akacheka nao, ila baada ya dakika kumi nikaona ananikonyeza kule nyuma ya turubai. Nikamfuata. Akafungua mdomo, akanionyesha gego la juu kushoto.

"Hili, mwanangu, nikinywa chai linanipiga mpaka sikioni. Usiwaambie hawa." Akageuka kuangalia kama kuna anayesikia. "Hilo basi la asubuhi la kwenda Dodoma, hapa linapita saa ngapi?"